Kujifunza Maajabu ya Wanyamapori Ukiwa Tanga: Mwongozo Kamili, Kuanzia Soko la Samaki Hadi Msitu wa Amani

Asubuhi moja pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, nilinunua pweza wa kilo mbili hivi, nikampa kijana anayesafisha samaki anitengenezee. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameng'ang'ania kanga yangu. Akamuuliza yule kijana, "Anko, moyo wake uko wapi?" Kijana akaupindua mfuko wa kichwa, akaonyesha kwa ncha ya kisu. "Huu mmoja. Huu mwingine, hapa kwenye matamvua. Na upande ule kuna wa tatu."

Nimekunywa supu ya pweza tangu nikiwa mdogo kuliko mwanangu, na siku hiyo ndiyo kwanza nikajua kuwa pweza ana mioyo mitatu. Tuliporudi nyumbani tukaendelea kutafuta. Mioyo miwili inasukuma damu kwenye matamvua, na mmoja unaisambaza mwilini. Huo wa mwili husimama pweza anapoogelea, ndiyo maana anachoka upesi na hupenda zaidi kutambaa. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, wakati yetu inatumia chuma. Na seli zake za neva, kama theluthi mbili hivi, haziko kichwani bali kwenye mikono minane; ndiyo sababu mkono uliokatwa huendelea kujikunja na kushika. Hilo la mwisho kila mpishi wa Tanga amelishuhudia juu ya ubao wa kukatia. Hatukuwahi tu kuuliza.

Kwa miaka mingi nimepokea kwenye simu zile orodha za mambo ya ajabu kuhusu wanyama. Unasoma, unashangaa, unamtumia shoga yako, na jioni umeshasahau. La pweza halijatutoka mpaka leo, kwa sababu tulianza kuona, tukauliza, ndipo jibu likaja. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo. Utamfaa mzazi, mwalimu wa shule ya msingi, na kijana anayetaka kuongoza wageni. Daftari moja, kalamu na nauli ya daladala vinatosha kuanzia.

Hatua ya kwanza: Anza na mnyama unayeishi naye

Watu wakisikia neno wanyamapori, mawazo yanakimbilia Serengeti. Kule kuna maajabu, sikatai. Twiga ana pingili saba za shingo, idadi ileile uliyo nayo wewe, ila kila pingili yake imerefuka. Lakini mtoto wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, hana twiga wa kumtazama jioni. Ana mjusi kafiri kwenye dari.

Basi anza na huyo. Mtazame anavyokimbia kichwa chini miguu juu bila kuanguka, kisha jiulize ameshikwa na nini. Hana gundi, maana hakuna alama anayoacha. Si kucha zinazomshika, maana hata kwenye kioo anapanda. Siri iko chini ya vidole: kuna nywele ndogo mno, nyingi zisizohesabika, na kila unywele umepasuka ncha vipande vingi zaidi. Ncha hizo zinakaribiana na ukuta kiasi kwamba ule mvuto mdogo ulioko kati ya chembe za vitu viwili unatosha kumbeba. Akitaka kuondoka, anakunjua vidole kuanzia nchani, kama unavyobandua plasta. Mwambie mtoto atazame vidole tu, asitazame mjusi mzima. Ataona vinavyokunjuka.

Chagua wanyama watatu kwa mwezi wa kwanza: mmoja wa ndani ya nyumba, mmoja wa ufukweni, mmoja arukaye usiku. Wa usiku kwetu tulimchagua bundi. Bibi yangu alikuwa akisikia bundi juu ya paa anatoka nje kumfukuza, na ninamwelewa, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mlio ule unaleta msiba. Nilipojifunza habari zake nilimwona kwa jicho jingine. Macho ya bundi hayazunguki ndani ya tundu zake, yamekazwa pale, hivyo lazima ageuze kichwa chote, na hukigeuza hadi nyuzi 270 hivi, robo tatu ya duara. Manyoya yake yana kingo laini zinazovunja upepo, ndiyo maana anapita juu yako usisikie kitu. Na chakula chake kikubwa ni panya. Nyumba yenye ghala la mahindi ina kila sababu ya kumwombea maisha marefu.

Usichague zaidi ya watatu. Nimejaribu kuanza na kumi, nikaishia kuwa na kurasa kumi zenye mstari mmoja mmoja.

Hatua ya pili: Fungua daftari lenye pande mbili

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Ukurasa wa kushoto ni wa mambo uliyoyaona na maswali yako. Wa kulia uache mtupu, ni wa majibu utakayothibitisha, hata kama yatakuja baada ya miezi sita. Usiandike jibu upande wa kushoto, na usiandike maneno ya kusikia upande wa kulia.

Kila unapoandika, weka tarehe, saa, mahali, na hali ya maji kama uko pwani. Andika kilichotokea, usiandike hisia zako peke yake. "Popo wazuri sana" hakikusaidii. "Saa kumi na mbili na nusu jioni, Raskazone, popo saba kwenye mkungu, wanabeba tunda kwenda kulila mti mwingine" kinakusaidia, maana hapo swali linajileta lenyewe: kwa nini asilile palepale? Kesho yake utaokota kokwa chini ya mti ambao si mkungu, na utakuwa umeanza kuelewa jinsi popo anavyopanda misitu.

Mtoto asiyeweza kuandika achore. Michoro ya mwanangu ya kaa ina makosa mengi, lakini ndiyo iliyotufanya tugundue kwamba baadhi ya kaa wana gando moja kubwa na jingine dogo. Mimi nilikuwa nimewatazama miaka yote nikiwa mtu mzima, sikuliona.

Hatua ya tatu: Jua bamvua na maji mafu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na watu wa bara wanaohamia Tanga huikosa kwa kutojua. Bahari yetu ina kalenda. Siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Wanaotafuta pweza kwa miguu hupanga kazi yao kwa bamvua, nawe fanya hivyo. Hesabu mwezi angani, muulize mvuvi saa ya maji kupwa, ufike ufukweni saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho.

Tafuta ukingo wa mikoko wenye tope. Keti. Usitembee. Kwa dakika tano utadhani hapana kitu, kwa sababu wote wameingia mashimoni waliposikia hatua zako. Kisha tope linaanza kuchemka. Kaa wadogo wanatoka, na madume yao ndiyo yenye gando moja kubwa kupita kiasi. Gando hilo halifai kwa kula. Dume anakula kwa lile dogo tu, wakati jike anatumia magando yote mawili. Kubwa ni la kupigana na kuwapungia majike. Ukikaa kimya utaona tope zima linapunga mkono. Kuna jambo la kushangaza zaidi: katika baadhi ya aina za kaa hawa, dume akipoteza gando lake kubwa anaota jingine lenye ukubwa uleule kwa macho, lakini jepesi na dhaifu. Analipunga vilevile, na madume wengine wanamwogopa, kwa sababu hawawezi kujua mpaka wapigane naye.

Mahali hapohapo kuna samaki wadogo wa matopeni wenye macho juu ya kichwa, wanaorukaruka nje ya maji kama vyura. Hawa ni samaki kweli, wana matamvua. Nchi kavu wanahifadhi maji ndani ya matamvua na kupumua pia kwa ngozi na utando wa kinywa, mradi ngozi isikauke. Tazama wanavyojibiringisha topeni, na tazama jicho linavyozama ndani ya kichwa na kutoka tena: linalowanishwa.

Usalama. Vaa raba, usiende pekupeku. Ukitembea kwenye maji ya kifundo cha mguu, burura nyayo, usizinyanyue, ili taa aliyelala mchangani asikie na kuondoka. Ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba wa mkia. Usiokote konokono wa bahari mwenye umbo la pia na rangi nzuri za madoa. Wapo wenye mwiba wa sumu inayoweza kuua mtu mzima. Jiwe ulilolifunua lirudishe kama lilivyokuwa, maana chini yake ni nyumba ya viumbe. Na ondoka maji yanapoanza kurudi.

Hatua ya nne: Kaa na wajuzi wa bahari

Kuuliza si ujinga, ila kuna namna ya kuuliza. Usimfuate mvuvi anapovuta chombo au anapopiga hesabu ya mnada. Ngoja anaposhona nyavu kivulini. Shikamoo kwanza, hali ya nyumbani, hali ya bahari, ndipo swali. Na swali liwe la alichokiona, lisiwe la anachofikiri. Ukimuuliza "ni kweli kwamba samaki fulani ana miaka mingi?" atakujibu kwa kukuridhisha. Muulize, "Mzee, ulipomtoa kwenye wavu alikuwaje?" Hapo unapata dhahabu.

Kwa njia hiyo nilimsikia mzee mmoja wa Kigombe akisimulia samaki adimu aitwaye silikanti aliyeingia kwenye jarife, zile nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. "Macho yalikuwa yanawaka kama ya paka," alisema, "na mapezi yana mkono." Niliandika maneno hayo kushoto kama yalivyo. Baadaye nilipotafuta, yote mawili yalikuwa sawa. Nyuma ya jicho la silikanti kuna utando unaorudisha mwanga kama wa paka, wa kumsaidia kuona gizani. Na mapezi yake yameota juu ya mashina yenye mifupa na misuli, akiogelea huyapeleka kwa kupishana, kulia mbele kushoto nyuma, kama mnyama anayetembea.

Nimkalie kidogo huyu silikanti, maana ni fahari ya Tanga na watu wengi wa hapa wanamjua kwa jina la hifadhi tu. Wanasayansi walimfahamu kwanza kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, wakaamini kwamba jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akitunza makumbusho ya mji wa East London, alimwona kwenye shehena ya samaki, akagundua si wa kawaida. Jina la kisayansi, Latimeria, limetokana na jina lake. Ilichukua mpaka 1952 kupatikana wa pili, Komoro. Kisha miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Mambo matatu kuhusu samaki huyu hunisimamisha kila nikiyafikiria. Kwanza, anazaa watoto hai, hatagi baharini. Pili, utafiti wa magamba yake uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake inachukua kama miaka mitano. Tatu, kwa ukoo, silikanti yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na changu au jodari, kwa kuwa wanyama wote wa miguu minne walitokana na samaki wa kundi lake la mapezi yenye mkono. Sasa fikiria maana ya mimba ya miaka mitano. Jike mmoja akifa wavuni, pengo lake halizibwi kwa msimu, linazibwa kwa kizazi. Na nyama yake ina mafuta mengi, wala haifai kwa kitoweo. Ukimweleza mvuvi hivyo, akilinganisha na alichokishika kwa mikono yake, mazungumzo yanakuwa ya watu wawili wanaojua.

Hatua ya tano: Chekecha kabla ya kuandika upande wa kulia

Hapa wengi huteleza. Jambo la ajabu lina utamu, na utamu unapofusha. Kila dai linalokufikia lipitishe kwenye maswali haya: Ni mnyama gani hasa? Nani alimwona, wapi? Sababu yake ni nini? Na je, kuna chanzo cha pili ambacho hakikunakili cha kwanza?

Swali la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu majina yetu ya Kiswahili hubadilika kwa kila mji. Pimbi wa hapa ni kwanga wa kwingine na wibari wa kwingine tena. Tafuta jina la kisayansi, lile la maneno mawili, uliandike kwenye daftari. Kwa jina hilo utapata habari za mnyama uliyemkusudia popote duniani. Ukiwa na picha nzuri ya simu, programu ya iNaturalist itakupendekezea jina bila malipo, na watu wenye ujuzi hukusahihisha. Maktaba ya mkoa nayo usiisahau.

Chukua mfano wa fisi. Nimesikia tangu utotoni kwamba fisi ni mla mizoga mwoga, na kwamba ana jinsia mbili. La kwanza lilianguka miaka ya 1960, mtafiti Hans Kruuk alipowafuata fisi madoa usiku Serengeti na Ngorongoro. Aliona kwamba chakula chao kingi wanakiwinda wenyewe, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuja kuwanyang'anya. Asubuhi mtu anapopita anakuta simba analala juu ya nyama na fisi wanazunguka, anahukumu kwa alichokikuta. La pili lina chanzo chake, halikuzuka tu: jike wa fisi madoa ana umbile la nje linalofanana mno na la dume, na huzaa kupitia hapohapo. Majike na madume wapo, kila mmoja na jinsia yake. Majike ni wakubwa na ndio wanaotawala ukoo, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Wazee waliona sawasawa. Maelezo ndiyo yaliyokosekana. Kwa hiyo usidharau imani ya kale unapoisahihisha. Mara nyingi ndani yake kuna jicho lililoona vizuri.

Popo kuwa kipofu si kweli. Mbuni kufukia kichwa mchangani si kweli. Huwa anainamia mayai yake shimoni kuyageuza. Picha na video za simu ziwe za mwisho kuaminiwa, maana siku hizi kompyuta inatengeneza simba mwenye mbawa ukaapa umemwona.

Hatua ya sita: Panda Amani, na ulale huko

Ukishakuwa na miezi mitatu ya daftari, jitengee siku mbili kwa Amani. Unapita Muheza, unaingia kwa Sigi, barabara inapanda mpaka kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa inabadilika kabisa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902. Msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Beba sweta, koti la mvua, viatu vya kufunga, na tochi yenye betri za akiba. Ulizia mapema viingilio vya raia, na umlipe mwongozaji wa hapo. Usiingie msituni usiku bila yeye.

Ninasisitiza kulala kwa sababu ya kinyonga. Mchana utapita mbele ya ishirini usimwone mmoja. Usiku hulala nchani mwa vitawi, rangi yake ikiwa imepauka, na mwanga wa tochi unamwonyesha kama jani jeupe. Usimshike wala usimmulike machoni kwa muda mrefu. Huko Usambara kuna kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu, na jina lake la kisayansi, deremensis, limetoka Derema, milima hiyohiyo.

Pwani yetu humwogopa kinyonga. Hana sumu wala hang'ati kwa kuua. Na ile sifa ya kuiga rangi ya kila alipokaa imetiwa chumvi. Rangi yake husema zaidi habari za hali yake: hasira, joto, kutaka jike, woga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi inavyofanyika kwa kinyonga mmoja wa Madagaska: ndani ya ngozi kuna fuwele ndogo mno zilizopangika, na akisisimka nafasi kati ya fuwele hizo zinatanuka, mwanga unaorudi unakuwa wa rangi nyingine. Yaani haongezi wino, anabadili mpangilio. Na jambo lililonifanya nisimame nikatembea chumbani: mwaka 2006 wanasayansi walipotenga kundi jipya la vinyonga wa Afrika Mashariki, walilipa jina Kinyongia. Neno la bibi yangu limeingia kwenye vitabu vya dunia nzima.

Usiku huohuo utasikia mlio wa kutisha kutoka juu ya miti, unaoanza kama mlango wenye bawaba kavu na kuishia kwa kelele. Ni perere, ndugu wa pimbi anayeishi mitini, mnyama wa ukubwa wa sungura. Hapo simama uwaulize wenzako: ndugu yake wa karibu ni nani? Watasema panya, watasema sungura. Jibu ni tembo. Tembo, pimbi na perere, na nguva wa baharini, wana asili moja. Dalili zipo kwa anayetazama: kucha za pimbi zinafanana na za tembo, meno yake marefu yanaota kutoka kwenye meno ya mbele kama pembe za tembo, na mimba yake hukaa miezi saba mpaka minane, muda mrefu ajabu kwa kiumbe mdogo hivyo. Mchana ukibahatika kumwona sange akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu, ujue naye ni wa ukoo huo mpana, mbali kabisa na panya anayefanana naye.

Chini ya miguu yako kuna kachura kadogo ambako hakatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike anazaa vichura vilivyokamilika, bila hatua ya viluwiluwi nje ya mwili. Huyu ni wa jamii moja na chura wa Kihansi, yule aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009 na kurudishwa mwaka 2012 baada ya kuzalishwa Marekani.

Hatua ya saba: Simulia vizuri

Jambo likikaa daftarini tu linazeeka. Lipeleke barazani, lipeleke darasani. Ila usilimwage lote mara moja. Anza na kile ambacho msikilizaji anakijua tayari, acha akisie, ndipo umpe jibu pamoja na sababu.

Mimi huanza na panya buku. Kila mwenye shamba la mihogo anamjua kwa wizi. Nauliza: mnyama huyu anaweza kuokoa maisha ya watu? Watu wanabisha, na waache wabishe, maana mtu aliyebisha hatasahau. Kisha ninawaeleza kwamba pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja aliyezaliwa hapa Tanzania, aitwaye Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya Uingereza ya wanyama mashujaa. Sababu? Macho ya panya buku ni dhaifu, pua ni kali, na uzito wa kilo moja na ushei hautoshi kulipua bomu. Ukiishia kwenye nishani umetoa kichekesho; ukifika kwenye uzito na pua, umefundisha.

Mtoto akikuuliza usichokijua, andikeni pamoja upande wa kushoto. Usibuni.

Hatua ya nane: Safari ya kasa, Madete

Hii ifanye ukishazoea kukaa kimya. Ufukwe wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ni mahali kasa wanapotaga. Panga na ofisi ya hifadhi kabla, waulize kama kuna viota vinavyokaribia kuanguliwa, na fuata maelekezo yao yote.

Jike huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia na zaidi, hufukia na kurudi baharini, hamwoni mtoto wake tena. Mayai hukaa kama miezi miwili. Jinsia ya watoto haiamuliwi tumboni, inaamuliwa na joto la mchanga: wenye joto zaidi hutoa majike, wenye ubaridi zaidi hutoa madume. Weka kiganja mchangani penye jua, kisha penye kivuli, uhisi tofauti hiyo mwenyewe. Watoto wakitoka hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa maelfu ya miaka umekuwa bahari. Kwa hiyo zima tochi, zima simu, usipige picha ya mwako, vaa nguo za rangi nzito. Taa moja nyuma yako inatosha kuwapeleka njia mbaya. Usiwabebe kuwapeleka majini. Acha watembee, kaa nyuma yao, usipite mbele. Ufukwe ule wanauweka kumbukumbu kwa njia ya usumaku wa dunia, na majike watakaonusurika hurudi eneo hilohilo kutaga miaka mingi baadaye.

Wahesabuni kadiri mnavyoweza bila kuwasogelea. Mkirudi kambini, andikeni kabla ya kulala, mchanga ukiwa bado miguuni.